Kutoka Mlima Wati hadi Mlima Liru: Nywele Ndefu za Kiume Wakati wa Kiangazi

Msafiri atokaye Kampala kwa basi, akisha kuvuka Mto Naili katika daraja la Pakwach, huanza kupanda taratibu kuelekea Arua, mji ulioko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Akiwasili mwezi wa Agosti atakuta majani mabichi na udongo uliolowa. Akiwasili mwezi wa Januari atadhani ameletwa nchi nyingine kabisa: nyasi zimechomwa moto, upepo mkavu wavuma kutoka kaskazini mashariki, na vumbi jekundu limetanda juu ya mabati, juu ya miembe na juu ya vichwa vya watu. Tangu Desemba mpaka mvua zirudipo, kiasi cha mwezi wa Machi, midomo hupasuka, visigino huchanika, na mwanamume aliyeamua kufuga nywele hugundua kwamba kichwani mwake mmeota kitu kinachofanana na majani makavu ya paa.

Nchi hiyo ina haki yake ya kuzungumza juu ya nywele za kiume. Kaskazini mashariki ya Arua, katika Terego, umesimama Mlima Wati, ambao pia huitwa Eti. Karibu na Koboko, katika nchi ya Wakakwa, umesimama Mlima Liru. Masimulizi ya Walugbara, kama yalivyoandikwa na mtaalamu John Middleton aliyekwenda kuishi miongoni mwao mwaka 1949, yasema kwamba mashujaa wawili waliozaa koo zao walikuwa Jaki na Dribidu, na kwamba Jaki alifia Liru, Dribidu akafia Wati. Jina la Dribidu maana yake ni mwenye nywele, kwa kuwa nywele ndefu zilimfunika karibu mwili mzima. Jina lake la pili halipendezi: Banyale, yaani mla watu, maana yasimuliwa kuwa huko ng'ambo ya Naili alikotoka alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe, hata alipogunduliwa akafukuzwa. Lakini masimulizi hayo hayo yasema mashujaa hao waliwatibu wanawake wenye ukoma, wakawaoa, na kutokana na ndoa hizo nchi ikajaa watu. Mwenye nywele nyingi, basi, ameogopwa na kuheshimiwa huko tangu kale, na pengine ndiyo sababu hata leo hakuna mzee wa Arua asiyekuwa na neno la kusema kijana apitapo na kichwa kilichofumuka.

Watawala wa Afrika ya Mashariki nao hawakuviacha vichwa vya watu vipumzike. Huko Tanzania Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ianze siku ya kwanza ya mwaka 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Nchini Uganda utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na baadaye ukazigeukia nywele za bandia. Siku hizi hapana amri ya namna hiyo kwa raia wote. Iliyobaki ni amri ya mahali pa kazi, kama ile ya kambini na ya kituo cha polisi, ambayo ni ya haki na inayojulikana: aliye kazini hunyoa. Lakini askari ana mwana, na mwana huyo husema kichwa ni chake. Na askari mwenyewe, siku moja, hustaafu.

Huyo mstaafu ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi. Kwa miaka ishirini au thelathini kichwa chake kilipitiwa na mashine ya kinyozi kila majuma mawili. Hakujua kama nywele zake ni za kipilipili, za mawimbi au za singa, kwa maana hazikupata kufika urefu wa kujionyesha. Arudipo nyumbani Koboko na kuziacha, baada ya miezi sita huona jambo geni. Miji ya mpakani ni miji ya kuoana. Wako Wakakwa na Walugbara. Wako Wanubi, ambao wengi wao ni kizazi cha askari wa Emin Pasha waliochukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891. Wako wafanyabiashara wa Kisomali, na ndugu waliotoka Kongo na Sudan Kusini. Nyumba moja yaweza kuwa na mtoto mwenye nywele za kipilipili na nduguye wa tumbo moja mwenye mawimbi. Mstaafu hujitazama katika kioo akamwona babu yake.

Naye hukosea kama wakoseavyo wengi. Huziona nywele ni kavu, akanunua kopo la mafuta mazito ya mgando ya dukani, akazipaka asubuhi zikiwa kavu vile vile. Hadi saa sita za mchana vumbi la barabara limekwisha kuganda juu ya mafuta. Jioni huosha kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia sare, na kesho yake nywele ni kavu kuliko jana. Mwezi wa pili wa kiangazi humrudia kinyozi akiwa ameshindwa.

Kosa halimo katika nywele. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, na kwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka bila kizuizi mpaka nchani. Kwenye nywele za mawimbi kila pindo ni kama kona ya barabara. Mafuta hukawia njiani, na kadiri nywele zirefukavyo ndivyo ncha zinavyokosa. Sabuni ya mche nayo ina ukali wa magadi, ambao huvifumua vigamba vidogo vinavyoufunika kila unywele, na unyevu hutoka kwa njia hiyo. Mafuta ya kupaka, hata yawe ya bei gani, hayaleti maji. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Apakaye mafuta juu ya nywele kavu ameufunga mlango wakati nyumba ni tupu.

Dawa ya jambo hilo imo sokoni Arua, tena haikutoka ng'ambo. Ni mafuta ya mti wa shea, ule ambao Waacholi na Walango huyaita mafuta yake moo yaa. Shea ya ukanda wa Naili, imeayo Uganda ya kaskazini, Sudan Kusini na sehemu za Ethiopia na Kongo, ni laini kuliko nduguye wa Afrika ya Magharibi. Ile ya Magharibi hukaa ngumu kama samli iliyopoa. Hii ya Naili huyeyuka mara iguswapo na kiganja, na kwenye joto la mchana huwa karibu maji. Nywele za mawimbi, zisizopenda uzito, huipokea vizuri.

Mwuzaji wa sokoni hachelewi kumtambua mstaafu kwa jinsi asimamavyo, na mazungumzo yao aghalabu huwa ya namna hii.

"Afande, karibu. Wataka ya kupikia au ya kupaka?"

"Ya kichwani, mama. Lakini haya yananuka moshi."

"Moshi ni wa jikoni kwangu, Afande. Yasiyonuka yako dukani, na huko ndiko ulikotoka nywele zikiwa hivyo."

Mama huyo ana haki ya kuwa mkali, kwa maana kazi yake ni nzito. Matunda ya shea huanguka yenyewe, na msimu wake huanza kiasi cha mwezi wa Mei. Akina mama na watoto huamkia porini alfajiri kuyaokota, wakichunga nyoka majanini. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa huchemshwa na kuanikwa siku kadhaa, hupasuliwa, hukaangwa, hutwangwa na kusagwa mpaka ziwe uji mzito, kisha uji huo hukandwa na kuchemshwa katika maji hadi mafuta yaelee na kuenguliwa. Chupa moja ni kazi ya siku nyingi. Harufu ya moshi hutokana na kule kukaanga, na huisha kichwani baada ya saa chache.

Matumizi yake yataka utaratibu, jambo ambalo askari hahitaji kufundishwa. Kichwa kioshwe kwa sabuni laini mara moja kwa juma, na povu lisuguliwe kwenye ngozi, si kwenye ncha. Siku za vumbi jingi, maji matupu yatosha. Nywele zichanwe zingali zimelowa, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu. Aanzaye juu huyasukuma mafundo yote chini mpaka yakatike. Kisha, kabla hazijakauka, mafuta kiasi cha punje mbili za karanga huyeyushwa viganjani na kupitishwa kwanza kwenye ncha, halafu katikati, na mwisho kidogo sana juu. Ngozi ya kichwa haihitaji kubandikwa mafuta. Yakizidi hapo hukamata vumbi na kuzidisha mba. Usiku nywele zigawanywe mafungu manne au sita, zisukwe bila kukazwa, na kichwa kifungwe kitambaa chororo, kwa maana foronya ya pamba hunywa mafuta mpaka asubuhi. Jambo hili la kitambaa huwatia aibu wanaume wengi. Mke wa mstaafu akicheka, na acheke. Baada ya majuma mawili atakiomba kile kitambaa.

Waendesha bodaboda wana shida yao. Kofia ngumu ni ya lazima na isivuliwe kwa ajili ya urembo wowote, lakini nywele zisifungiwe humo zikiwa mbichi, wala zisikazwe nyuma kwa mpira mpaka kipaji kiume. Nywele zivutwazo kila siku hung'oka pembeni mwa paji, na zikisha kung'oka kwa miaka hazirudi. Ncha zilizopasuka zikatwe kila miezi miwili au mitatu. Unywele hukua karibu sentimita moja tu kwa mwezi, na mawimbi hujikunja, hata sentimita kumi huonekana tano. Atakaye nywele za kufika mabegani ajipe miaka miwili au zaidi. Dawa kali za kunyoosha nywele huunguza ngozi, na huyaua yale mawimbi yenyewe ambayo mtu alikuwa akiyatafuta. Na mtoto mwenye mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka nywele asipakwe shea kwa kudhani ni ukavu: huo ni choa, nao wa kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa kutoka zahanati.

Safari ya kutoka Arua kwenda Koboko siku hizi ni fupi. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na aliyewahi kuipita zamani, akifika na nyusi nyekundu kwa vumbi, hana budi kushukuru. Lakini msafiri akitazama dirishani katika nchi hii ya West Nile ataona gunia baada ya gunia la mkaa limesimamishwa kando ya njia, na hapo ndipo habari ya nywele inapoacha kuwa habari ya kioo na chanuo.

Mti wa shea huchukua kiasi cha miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri. Mbao zake ni ngumu, na mkaa wake huwaka kwa muda mrefu. Kwa mtu mwenye shoka na shida ya ada ya shule, hiyo yatosha kuwa sababu. Tena shea hutoa maua wakati wa kiangazi, katika miezi ile ile ambayo nyasi huchomwa moto, hivyo hata mti uliosalimika na shoka huweza kupoteza matunda ya mwaka mzima kwa moto wa siku moja. Tangu mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipowaleta mamia ya maelfu ya watu katika makambi ya Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi, mahitaji ya kuni yaliongezeka sana. Si haki, hata hivyo, kuwatupia wageni lawama yote: mama apikaye ugali wa watoto wake hukusanya kuni za siku, bali malori yabebayo magunia ya mkaa usiku yana wenyewe mijini. Mwezi wa Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika Uganda ya kaskazini. Kazi ya kuyasimamisha malori hayo iko mikononi mwa polisi na askari, na miongoni mwao wamo wanaotazamia kustaafu katika vijiji hivi hivi.

Kuna familia ambazo hazingoji lori likamatwe. Miche ya shea huota yenyewe mashambani, na mkulima mwenye busara, alimapo, huizunguka kwa jembe badala ya kuikata, akafyeka nyasi pembeni yake kabla ya miezi ya moto. Mtu apandaye leo kokwa moja nyuma ya nyumba atavuna mjukuu wake akiwa shuleni.

Mjini Koboko, karibu na pale penye kukutana mipaka ya nchi tatu, asubuhi za Januari huwa na baridi kidogo kabla jua halijakaza. Mafuta yaliyolala dirishani huwa yameganda, meupe kama maziwa ya jana. Mstaafu huyachota kwa kidole, akayasugua viganjani mpaka yayeyuke, na maji ya ndoo yangali yakimdondoka mabegani.