Gia inapoteleza, uliza kabla hujavunja kibubu

Kuna kauli za gereji ambazo zikishatamkwa, bajeti ya nyumba nzima inapanguka. Mojawapo ni hii: "Giaboksi imekwisha, tafuteni nyingine." Kwetu ilitamkwa mwezi Desemba. Binti yetu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba, na fedha za ada ya kidato cha kwanza, godoro na sanduku la bweni zilikuwa zimeshawekwa pembeni. Fundi alitaja shilingi milioni 2.2 kwa giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, pamoja na kuifunga. Fedha tuliyokuwa nayo ilikaribia kiasi hicho hicho, ila ilikuwa na jina la mtoto.

Sisi tunaishi Iringa mjini. Baba watoto anabeba nyanya na vitunguu kutoka Ilula kwa pikapu ya milango minne ya mwaka 1999, gia otomatiki, iliyokuja nchini ikiwa imeshatumika. Hilo gari ndilo shamba letu. Basi likaanza tabia mpya: ukikanyaga mafuta injini inanguruma, mshale wa RPM unapanda, lakini gari lenyewe haliongezi mwendo. Halafu ghafla linashika kwa kishindo kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Fundi wa kwanza aliliendesha kama dakika tano, akarudi na hukumu. Hakufungua boneti.

Mimi kazi yangu ni kushona nguo, si fundi magari. Lakini najua kwamba cherehani ikiruka mishono huanzi kwa kununua cherehani nyingine. Unaanza na sindano, uzi na mkazo, kwa sababu hivyo ni rahisi kuvikagua na mara nyingi tatizo liko hapo. Nikamwambia mume wangu, "Baba, kabla hatujagusa hela ya mtoto, naomba tujue kwanza linateleza lini na kwa nini." Akakubali. Gari likaegeshwa, na tukaamua mtoto yeyote asipande mpaka tujue. Gari linaloteleza gia laweza kukuacha katikati ya barabara unapolipita lori, na kwenye mlima laweza kukosa nguvu ya kupanda wakati lililo nyuma yako limeshakukaribia.

Kazi ya kwanza aliifanya binti yetu, hapo hapo mezani. Alichukua daftari la mizigo la baba yake, ambalo lina tarehe ya kila safari, akachora safu nne: gari lilikuwa baridi au moto, lilikuwa na mzigo au tupu, barabara ilikuwa tambarare au mlima, na liliteleza likiwa gia gani. Akamuuliza baba yake safari moja baada ya nyingine, kwa wiki mbili zilizopita. Baba mtu alianza kwa kujibu "nimesahau", lakini akiulizwa vizuri alikumbuka.

Walipomaliza, picha ilionekana. Asubuhi, likitoka nyumbani tupu, halikuteleza, ila lilichelewa kidogo kuingia gia ukiweka D. Jioni, likiwa limebeba mzigo zaidi ya kilometa 40 kutoka Ilula, liliteleza hasa kwenye ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini, na kwenye kona kali. Na halikuchagua gia. Ya pili liliteleza, ya tatu liliteleza, hata rivasi lilisitasita.

Daftari hilo tulilipeleka kwa fundi mwingine, mzee aliyezoea magari ya otomatiki. Alilisoma akiwa amesimama, akacheka. "Shemeji, huyu mtoto amenifanyia nusu ya kazi." Kisha akatueleza mambo ambayo naona kila mzazi mwenye gari la namna hii ayajue.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ni gia kweli. Ukikanyaga mafuta na RPM ikapanda bila mwendo kuongezeka, hapo gia inateleza. Lakini ukikanyaga na RPM nayo ikagoma kupanda, gari likawa zito tu, kaangalie injini kwanza: huenda filta ya mafuta imeziba, au plagi zimechoka. Watu wamewahi kubadilisha giaboksi nzima na gari likabaki zito vile vile.

Jambo la pili ni kujua kwamba giaboksi ya otomatiki inaishi kwa oili. Ndani yake hakuna klachi moja kama ya gari la manyoya. Kuna mafungu kadhaa ya sahani za klachi, na kinachozibana zishike ni oili inayosukumwa na pampu. Nguvu ya injini yenyewe inaingia giaboksi kwa kupitia oili: kuna kitu kama feni mbili zinazotazamana, moja inasukuma oili na nyingine inazungushwa na oili hiyo. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, mkandamizo unashuka, sahani hazibanwi sawasawa, zinasuguana na kuungua. Kwenye kona na mlimani oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikakosa cha kuvuta. Ndiyo maana swali la mlima na kona lilikuwa na uzito.

Jambo la tatu ni lile lililotuokoa. Gari likiteleza gia moja tu, mengine yote yakiwa sawa, wasiwasi ni sahani au bendi ya gia hiyo. Likiteleza gia zote, wasiwasi wa kwanza ni kile ambacho gia zote zinashirikiana: oili, filta, pampu au mkandamizo. Daftari letu lilisema gia zote.

Akapima oili. Gari likiwa kwenye tambarare na limeshapata moto, injini ikiunguruma taratibu, alikanyaga breki na kupitisha mkono wa gia kila nafasi, kutoka P mpaka L, akaurudisha P. Ndipo akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha hadi mwisho, akakichomoa tena. Magari mengi hupimwa hivyo, ila yapo yanayopimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine mapya hayana kijiti kabisa, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Kwetu oili iligusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya moto.

Kisha akadondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Oili nzima ya aina yetu ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Ikiwa ya kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani zimeshaanza kuliwa. Ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia humo, na hiyo ni dharura. Yetu ilikuwa ya kahawia, na harufu ya kuungua ilikuwa kwa mbali.

Oili haipotei hewani. Ikipungua, ipo inakotokea. Mzee akaingia uvunguni na tochi. Oili ya giaboksi hupita kwenye mabomba hadi kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta, halafu hurudi. Kipande cha mpira kinachounganisha bomba na rejeta kilikuwa kimepasuka, na vumbi lilikuwa limeganda juu yake kwa unyevunyevu. Gari likiwa limesimama halikudondosha kitu cha kukushtua. Likitembea na oili ikiwa moto, lilivuja.

Akakagua pia kebo inayotoka kwenye mafuta kwenda giaboksi, kwa kuwa baadhi ya pikapu za zamani zinayo. Ikilegea, mkandamizo wa oili unakuwa mdogo na gia zinateleza hata oili ikiwa imejaa. Yetu ilikuwa imelegea kidogo, akaikaza kwa kipimo. Na kwenye dashibodi alituonyesha taa ya O/D OFF. Katika magari mengi ya Kijapani ya umri huo, taa hiyo ikiwakawaka yenyewe bila mtu kubonyeza kitufe, kompyuta inasema imeona hitilafu ya umeme kwenye giaboksi. Ya kwetu haikuwakawaka.

Mwisho akafungua bakuli la chini. Ndani yake kuna sumaku zinazokusanya chembe za chuma. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vya kushikika kwa vidole ni habari mbaya. Sisi tulikuta tope la kijivu, na punje chache nyeusi zilizotoka kwenye sahani. Hakutuficha: "Klachi zimeumia kiasi. Haijafa, lakini si ya kijana tena."

Hesabu ilikuwa hivi: oili lita 6, shilingi 84,000, mpira wa kuhimili oili moto na vibano vyake, 25,000, filta na gasketi ya bakuli, 60,000, ufundi, 50,000. Jumla 219,000. Ni kama sehemu moja ya kumi ya ile milioni 2.2. Mume wangu alichagua oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu oili za giaboksi hazifanani, na aina isiyofaa inaweza kuleta kuteleza kule kule unakokukimbia.

Sitaki kudanganya kwamba gari limekuwa jipya. Kuteleza gia zote kuliisha, na rivasi inaingia bila kusita. Kimebaki kitu kimoja: likiwa na mzigo na limepata moto, RPM inaruka kidogo likiingia gia ya nne. Kwa hiyo akipanda mlima na mzigo, baba watoto anabonyeza kitufe cha O/D ili gari lisiingie ya nne, na amepunguza idadi ya matenga. Kijiti kinapimwa kila Jumamosi. Pia tumeanza kibubu cha giaboksi, kwa sababu siku yake itakuja. Tofauti ni kwamba itakuja tukiwa tunaijua, na binti yetu aliripoti shule mwezi Januari na sanduku lake.

Kwa mzazi mwenzangu atakayeambiwa "imekwisha", nashauri aulize maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi. Oili ilikuwa kiwango gani, na rangi na harufu yake ikoje? Inavuja wapi? Inateleza gia zote au moja? Bakuli limefunguliwa, na sumaku zimekutwa na nini? Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo, maana na yeye anajiuliza yayo hayo. Asiye na majibu hajapima bado.

Na ikithibitika kweli imekwisha, usihuzunike kuinunua, lakini namba ya aina ya giaboksi unayouziwa ilingane na ya gari lako, na muuzaji akuandikie muda wa dhamana. Giaboksi ya mtumba nayo imetoka kwenye gari la mtu, na historia yake huijui. Kipoozeo na mabomba yake visafishwe kabla haijafungwa, la sivyo uchafu wa ile ya zamani utaingia kwenye mpya.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto. Mara nyingi mambo ya gari tunayaficha, tukidhani ni ya baba na fundi. Lakini gari la familia likiharibika, ni sahani ya mtoto na ada yake vinavyoguswa. Binti yetu hajui kufungua nati hata moja. Alichofanya ni kuuliza lini, wapi na hali gani, na kuandika majibu bila kuyapamba. Sasa mdogo wake wa darasa la nne ndiye mwenye kalamu ya Jumamosi, na oili ikishuka hata kidogo, huwa wa kwanza kumwambia baba yake.