Mti Uliozaa Madaftari

Buenos Aires, Argentina

Dada mpendwa,

Nimefika salama. Najua utauliza kwanza habari za shule za huku, basi nianzie hapo.

Katika barabara ya Corrientes, ambako kuna maduka ya vitabu, nimenunua kitabu cha hadithi za watoto cha Laura Devetach, La torre de cubos. Hadithi mojawapo ni ya Bartolo, aliyepanda daftari ardhini. Ukaota mti ukazaa madaftari, naye akawagawia watoto bure. Muuza madaftari akakasirika, akataka kuununua mti. Bartolo akakataa, wakaja polisi. Watoto na ndege wakamtetea.

Mwaka 1979, chini ya utawala wa kijeshi, kitabu hiki kilipigwa marufuku shuleni, mkoa baada ya mkoa. Wakubwa walisema kinashambulia mali ya mtu binafsi na kudharau mamlaka. Tena wakakitia kosa lililonishtua kuliko yote: kwamba ubunifu wake hauna mipaka. Dada, wewe unayefundisha darasa la tatu, ungemwambiaje mtoto kwamba mawazo yake yamepita kiasi?

Kabla ya hapo, Oktoba 1977, serikali ya kijeshi ya Jenerali Videla ilikataza kitabu cha Elsa Bornemann chenye hadithi ya tembo wa sarakasi anayewaongoza wanyama wenzake kugoma hadi wavushwe bahari warudi porini kwao. Ati kinawaandaa watoto kwa uasi. Na Juni 1980, huko Sarandí, kusini mwa jiji, tani 24 za vitabu vya shirika la uchapishaji la Centro Editor de América Latina zilichomwa moto kwenye uwanja mtupu.

Nina hasira, sikufichi. Je, siasa ilikuwemo katika hadithi hizo? Ilikuwemo, kama ilivyomo katika hadithi za Sungura na Fisi alizotusimulia bibi, mnyonge akimshinda mwenye nguvu. Mtoto huijua dhuluma mapema. Mnyime haki yake katika kugawana embe uone. Ukimnyang'anya kitabu, swali analo bado, ila sasa ameshajua kwamba kuliuliza ni hatari.

Walimu ndio walionigusa. Walizidurufu hadithi za Devetach bila kuandika jina lake, wakaendelea kuwasomea watoto. Wewe umedurufu mitihani usiku kucha, vidole vikijaa wino, unaijua kazi hiyo. Wao waliifanya wakati watu walipokuwa wakichukuliwa majumbani mwao wasionekane tena, na walimu wengi walikuwa miongoni mwao.

Wanajeshi waliondoka madarakani mwaka 1983, na siku hizi watoto wanavisoma vitabu hivyo darasani. Nimeanza kuifasiri hadithi ya Bartolo. Nikimaliza nitakutumia. Wasomee wanafunzi wako, kisha uniandikie waliuliza nini polisi walipofika.

Mdogo wako