Mtandio mlangoni mwa Msikiti Mkuu wa Muscat

Binti yangu ana miaka 12, na nusura tugombane mbele ya watu mlangoni mwa msikiti kwa sababu ya mtandio.

Tulikuwa Muscat, Oman, kumtembelea dada yangu anayefanya kazi huko. Siku ya tatu akasema hatuwezi kurudi nyumbani bila kuuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Sisi ni Wakristo, lakini wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuutembelea Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Ijumaa hapana. Dada alinipa masharti mapema: mwanamke afunike nywele, mikono na miguu hadi vifundoni, na mwanamume avae suruali ndefu. Nikatia mitandio miwili kwenye mkoba, nikanyamaza. Watoto sikuwaambia kitu.

Tulipofika getini nikamkabidhi binti wa kwake. "Kwani sisi ni Waislamu?" akauliza kwa sauti. Watu wakageuka. Nikamjibu kama wazazi wengi tunavyojibu tukibanwa: "Vaa, usiniaibishe." Akavaa, macho yamemlenga machozi.

Tulipokuwa tunapita kwenye bustani akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Mama, nikivaa hivi si namdanganya Mungu?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba haukuwa ukaidi. Mtoto alikuwa na swali la imani, na mimi nilimjibu kwa amri. Jibu sikuwa nalo.

Mbele yetu msikiti ulikuwa unang'aa. Ulifunguliwa mwaka 2001, umejengwa kwa tani 300,000 za mawe ya mchanga kutoka India, na eneo lote linaweza kuchukua waumini wapatao 20,000. Sakafu ya marumaru inateleza kama kioo, na kila mtu anatembea taratibu bila kuambiwa.

Kwenye ukumbi mkuu wa swala tuliambiwa watoto walio chini ya miaka 10 hawaingii. Mdogo wake ana miaka minane. Dada akaingia na binti, mimi nikabaki na kijana kwenye baraza yenye matao. Akahesabu minara: mitano, mmoja mrefu kuliko yote, mita 90. Nikamwambia ni mitano kwa sababu ya nguzo tano za Uislamu. "Zitaje," akasema. Nikataja shahada, swala, zaka na hija. Ya tano ikagoma kuja. Nimekulia Tanga, nimekula pilau ya Idi kwa majirani kila mwaka, na nguzo moja sikuikumbuka!

Binti akatoka uso umebadilika. "Mama, kuna zulia moja la mita 70 kwa 60! Wanawake 600 walilifuma kwa miaka minne, huko Iran." Tukabadilishana zamu. Nikavua viatu, nikaingia. Zulia hilo lina uzito wa tani 21, na wageni hupita juu ya mkeka wa bluu uliotandikwa ili lisichakae. Kutoka kwenye kuba linaning'inia taa la mita 14. Kila mgeni aliyeingia alikuwa ananong'ona.

Kabla ya kuondoka tulikaribishwa kahawa na tende mahali wanapopokea wageni. Mama mmoja mtu mzima alipotusikia tukizungumza, akatuamkua kwa Kiswahili cha Unguja. Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na lugha hawakuiacha. Watoto wakampa shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha. Kisha binti yangu, bila kuniangalia, akamuuliza: "Bibi, mimi si Mwislamu. Kuvaa hivi si vibaya?"

Niliona aibu. Bibi hakuona.

"Kwenu jirani akifiwa, mnakwenda vichwa wazi?"

"Hapana. Tunajitanda khanga."

"Ukijitanda unakuwa umebadili dini?"

Binti akacheka. "Hapana, bibi."

"Basi. Umemheshimu mwenye nyumba. Ya moyoni mwako Mungu anayajua."

Kijana naye akadakia: "Bibi, nguzo ya tano ni ipi? Mama kaisahau." Bibi akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Mwambie mama yako ni kufunga, Ramadhani."

Mzazi mwenzangu, ukipanga safari kama hii, ulizia saa na masharti kabla ya kutoka. Kama una mtoto chini ya miaka 10, nendeni watu wazima wawili ili mpokezane. Lakini kubwa zaidi, kaa na watoto usiku wa kuamkia siku hiyo, uwaeleze mnakwenda wapi, watavaa nini na kwa nini. Waache waulize maswali yao yote mkiwa nyumbani, mahali ambapo hakuna foleni wala macho ya watu. Swali ambalo huna jibu lake, mwambie hivyo, mkaulize pamoja.

Tulipoingia garini, binti aliuvua mtandio, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Mama," akasema, "siku nyingine niambie mapema."