Jani la Muhogo Mbele ya Kompyuta

Mwaka 2003, vita vya Ituri, mashariki mwa Kongo, vilipopamba moto, familia nyingi za Kasenyi, kijiji cha wavuvi, yetu ikiwemo, zilivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi hadi Uganda. Huko nilianza shule upya, Kifaransa nikakiweka kando nikashika Kiingereza, na hatimaye nikaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea kompyuta.

Somo lililoniteka ni utambuzi wa ruwaza: kuifunza mashine itofautishe kitu na kitu kwa mifano. Vitabuni nilisoma habari za Frank Rosenblatt, Mmarekani aliyebuni perseptroni, mashine ya awali ya kujifunza kwa mifano, miaka ya 1950. Makerere yenyewe ilikuwa ikihangaika na jani la muhogo. Mwaka 2010 Ernest Mwebaze, John Quinn na wenzao walikuwa wamechapisha utafiti wa kutambua ugonjwa wa batobato wa muhogo kwa picha, nasi tuliokuja nyuma tukaifuata njia hiyo.

Tulianza na rangi. Jani lenye batobato hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, kwa hiyo kompyuta ilipima wingi wa kila rangi, kisha ikalilinganisha jani hilo na mengine yaliyokwisha kutajwa ugonjwa wake. Maabarani mambo yalikwenda vizuri. Shambani jua kali lilifuta njano, kivuli kikageuza kijani kuwa cheusi. Ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia, ulitusumbua zaidi, maana mmea huweza kuonekana mzima huku mizizi inaoza ardhini.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya wataalamu wa kilimo wa kituo cha utafiti cha Namulonge, waliopitia picha na kutaja kila moja ina ugonjwa gani. Ndivyo alivyokuwa mama yangu, muuza samaki: alikuwa akifunua shavu la sangara na kujua amevuliwa lini. Ujuzi wa namna hiyo ndio unaotangulia; mashine huupokea tu kutoka kwa mwenye nao.

Nilipokuwa mhadhiri, wanafunzi wangu walipenda kunionyesha asilimia kubwa ya majibu sahihi ya programu zao. Niliwapa mfano wa picha zaidi ya 21,000 za muhogo kutoka Uganda, zilizotolewa mwaka 2020 kwa mashindano ya kimataifa. Zaidi ya nusu zilikuwa za batobato. Programu inayojibu "batobato" kwa kila jani ingepata zaidi ya nusu ya mtihani bila kujua lolote, na mkulima mwenye michirizi ya kahawia angepoteza shamba.

Ndiyo maana nawaomba vijana wanaosoma kompyuta mjini Bunia, huko Ituri: msingoje programu zilizofunzwa kwa mashamba ya wengine. Chukueni simu zenu, mwende na wakulima na wataalamu wa kilimo, mpige picha za mihogo ya Ituri na samaki wa Kasenyi, na kila picha iandikwe jina lake na mtu anayekijua kitu hicho. Utafiti wetu uanzie hapo.