Ushirika wa Rungwe: Tarumbeta, Makaburi na Meza Moja

Kusanyiko la Wamoravian huitwa ushirika. Walutheri, majirani zao wa Unyakyusa tangu mwanzo, husema usharika, na mtu aliyekulia Tukuyu huweza kumtambua mwenzake ni wa kanisa gani kwa irabu hiyo moja tu. Neno lenyewe limebeba mengi. Ni jina la mahali, kama mtu anavyosema kwao ni ushirika wa Rungwe au wa Rutenganio. Ni orodha ya waliobatizwa, na ni wazee wanaokaa barazani na mchungaji. Tena ni kitendo chenyewe cha kushiriki: kula pamoja, kuimba pamoja, kuzikana. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyodumu kuliko zote, ingawa karibu kila kilichoizunguka kimebadilika tangu mwaka 1891.

Mwaka huo Wajerumani wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipanda milima kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Martin alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walijenga kituo chao cha kwanza chini ya Mlima Rungwe, kwenye nchi ya mvua nyingi na migomba. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin nao walifika mwaka uleule, na pande mbili zikakubaliana kugawana nchi ili wasigombanie watu: Wamoravian wakachukua magharibi, Waberlin mashariki. Mpaka ule bado unaonekana leo katika majina ya makanisa, ukitembea kutoka Rungwe kuelekea Manow, upande wa Waberlin.

Wageni hao wa Rungwe walitoka katika kanisa lenye desturi zake mahususi. Wamoravian wanahesabu asili yao kwa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415. Baada ya karne za kuteswa, waliosalia walikimbilia Ujerumani, na mwaka 1722 wakaanza kujenga kijiji cha Herrnhut kwenye ardhi ya mkabaila mmoja, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Katika kijiji hicho ndipo zilipozaliwa desturi zilizokuja kusafiri hadi Rungwe. Iko karamu ya upendo, ambapo waumini wote hula chakula chepesi ndani ya kanisa huku wakiimba. Kiko kitabu cha neno la kila siku, kilichoanza kuchapishwa kwa ajili ya mwaka 1731 na ambacho hakijakoma hadi sasa. Iko pia ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1732. Muhuri wa kanisa ni mwanakondoo aliyebeba bendera, na kauli mbiu yake hujulikana na kila mtoto wa Kimoravian: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate.

Wanyakyusa nao walikuwa na ushirika wao kabla ya neno hilo kufika. Wavulana wa umri mmoja waliondoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga vibanda pembezoni mwa kijiji, na kadiri walivyokua vibanda vile vikawa kijiji kamili cha rika. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi huko na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliona kwamba msingi wa maisha hayo ulikuwa jambo moja ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kwa hiyo wamisionari hawakuleta jambo geni walipowaalika watu wale pamoja. Kilichokuwa kigeni ni nani anakula na nani. Katika ukwangala mwanamume alikula na wa rika lake. Katika karamu ya upendo kijana alikaa na mzee, na mke na mume walikuwa chini ya paa moja.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu ambao leo ni rahisi kuusahau. Kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana hakupaswa kuonana na baba mkwe wake. Aliposikia anakuja, alitoka njiani, akajifunika nguo, akajificha migombani. Sasa wote wawili walikuwa wameitwa na kengele moja, wakaingia mlango mmoja, wakakaribia meza moja. Wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, jambo lililopunguza ukali wa mambo. Baada ya muda miiko hiyo ililegea zaidi katika nyumba za Kikristo kuliko katika nyingine. Haikutokea kwa amri ya siku moja. Ilitokea kwa wanawake waliojikaza kuinua macho yao kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, na ujasiri wao unastahili kukumbukwa kama unavyokumbukwa wa wale waliovuka bahari.

Waliotangulia kuja kituoni hawakuwa watu wakubwa. Wengi walikuwa wasio na pa kukimbilia: watu waliotoroka utumwa, walioshtakiwa uchawi, waliogombana na koo zao. Ardhi ya misheni iliwapa kiwanja, shamba na kazi, na iliwadai utii wa kanuni. Pombe ilikatazwa, uganga na matambiko vikakatazwa, na mwanamume mwenye wake wengi aliweza kusikiliza mafundisho miaka mingi bila kukaribishwa mezani. Kutengwa kulikuwa adhabu nzito, maana kumtoa mtu mezani kulikuwa kumtoa kwenye ukwangala wake mpya. Hata wamisionari wenyewe hawakuona wote sawa. Traugott Bachmann, aliyeanza kazi Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899, alifika akizipinga mila na baadaye akajifunza kuziheshimu kuliko wenzake wengi. Pia aliwatafsiria Wanyiha Agano Jipya kwa lugha yao.

Suala la lugha lilikwenda ndani kuliko kanuni zote. Ili kumtaja Mungu kwa Kinyakyusa, jina lililochukuliwa lilikuwa Kyala, ambaye wenyeji walimjua kama shujaa wa kale aliyetambikiwa pangoni karibu na Ipinda. Jina likabaki, maana yake ikapanuka, na baada ya kizazi kimoja au viwili mtoto aliyesema Kyala hakufikiri tena habari za pango. Nyimbo za Kijerumani za sauti nne zikatiwa maneno ya Kinyakyusa na kuimbwa polepole, kwa sauti nzito, kiasi kwamba wazee wengi walizihesabu kuwa nyimbo za babu zao. Kwa kweli walikuwa na haki. Babu zao ndio waliozifundisha nyumbani, jioni, bila kitabu.

Msiba ulibadilika kuliko jambo lolote. Maziko ya Kinyakyusa yalikuwa na ngoma na ng'ombe wa kuchinjwa, na wanaume walicheza na mikuki mpaka vumbi lipande. Kanisa lilikataza ngoma hiyo, na pengo lake likajazwa na nyimbo za usiku kucha. Chakula na ng'ombe wa msiba havikuondoka, kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiri maziko bila kulisha watu. Kule vituoni kukatengwa eneo la makaburi kama la Herrnhut, ambako makaburi hufanana yote ili mkuu asizidi mdogo. Vijijini watu waliendelea kuzika nyumbani, kando ya nyumba na migomba, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka Nyasaland, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusaidia kadiri walivyoweza, lakini eneo lilikuwa kubwa na wao walikuwa wachache. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Ukitaka kujua ushirika wa Rungwe ulijengwa lini hasa, tazama miaka hiyo ya pengo. Kengele iliendelea kupigwa. Walimu waliendelea kufundisha katekisimu, wazee wakaamua kesi za ndoa, wakawatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Mjerumani aliporudi alikuta watu waliozoea kujiongoza, na haikuwezekana tena kuwatendea kama wanafunzi. Vitabu vingi vya historia ya misheni huipita miaka hiyo haraka, kana kwamba hakuna kilichotokea kwa kuwa hakukuwa na Mzungu wa kuandika barua. Huo ni upungufu mkubwa.

Waliokuwa watoto katika miaka ya 1950 hukumbuka zaidi Pasaka. Juma zima la mateso watu walikusanyika kila jioni kusomewa habari za siku za mwisho za Yesu, sehemu kwa sehemu, mpaka Ijumaa Kuu. Jumamosi ilikuwa ya makaburini: kupalilia, kufagia, kupanga maua. Usiku wa kuamkia Jumapili hakuna aliyelala sana. Tarumbeta zilipolia kukiwa bado giza, watu walitoka na taa za chemli. Njia ziliteleza kwa mvua za masika, na asiye na mwavuli alijikinga kwa jani la mgomba. Makaburini walisimama kimya. Mchungaji akatangaza kwamba Bwana amefufuka, na umati ukajibu kwamba amefufuka kweli. Kisha wakaungama imani yao wakiwa wamesimama kati ya ndugu zao waliolala, na wakawakumbuka waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Jua lilipotoka nyuma ya milima, kama mawingu yaliliruhusu, tarumbeta zililia tena. Kwa mtoto, zile nukta za taa zilizokuwa zikishuka kutoka kila upande wa mlima zilitosha kumfundisha ushirika ni nini.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Upande wa magharibi wa nchi, Wamoravian walikuwa wamechukua Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa London, wakaenea Unyamwezi hadi Sikonge na Tabora. Huko ndiko alikotoka Teofilo Kisanji, aliyewekwa wakfu mwaka 1966 kuwa askofu wa kwanza Mtanzania wa kanisa hilo. Chuo kikuu cha kanisa kilichoko Mbeya kina jina lake. Jimbo la Kusini na Jimbo la Magharibi yalianza kujitawala kwa sinodi zao, na baadaye majimbo mengine yakazaliwa, likiwamo la Kusini Magharibi lenye makao Mbeya. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Shule za kanisa, kama za madhehebu mengine, zilichukuliwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Mwalimu, ambaye tangu mwanzo alikuwa pia mhubiri wa kijiji, akawa mtumishi wa serikali. Pengo hilo lilijazwa na wazee na akina mama, bila mshahara.

Watu wakahamia mjini. Mbeya iliwakutanisha Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali na Wanyiha katika benchi moja, na Kinyakyusa hakikuweza tena kuwa lugha ya ibada. Kiswahili kilishika liturujia, mahubiri na matangazo. Faida yake ni kubwa: ushirika uliacha kuwa wa kabila. Hasara yake ipo pia, na haifai kufichwa. Tenzi za zamani za Kinyakyusa zilibaki kuimbwa misibani na kwenye ibada za wazee, na wanaozijua beti zote hupungua kila mwaka.

Kwaya ilibadilika zaidi. Ile ya sauti nne iliyosimama wima ilipata gitaa, halafu kinanda cha umeme, halafu kaseti za kuuza, vipaza sauti na video. Kwaya ya vijana ikajitenga na ya akina mama, na kila moja ikapata sare na siku yake ya mazoezi. Tarumbeta zilisalia kwa sherehe na maziko, pale zilipopata vijana wa kuzipuliza. Kuanzia miaka ya 1980 uamsho uliingia na maombi ya sauti kubwa, kuombea wagonjwa na kunena kwa lugha. Wazee waliozoea utulivu wa liturujia waliona fujo, na vijana waliona uhai. Baadhi walihamia makanisa ya Kipentekoste. Wengi walibaki, na shirika nyingi zikapata njia ya kuweka yote mawili: asubuhi liturujia, jioni maombi.

Kilichostawi bila ugomvi ni mnada. Sadaka ya mavuno huletwa mbele: mkungu wa ndizi, jogoo, debe la viazi, mayai ya bibi mmoja yaliyofungwa kwa kitambaa. Ibada ikiisha hunadiwa nje ya kanisa. Anayeshinda jogoo humpa mchungaji au mgeni, au humrudisha anadiwe tena, na mayai ya bibi yanaweza kuuzwa kwa bei ambayo sokoni hayangeipata kamwe. Anayenunua hushangiliwa, na bibi naye hushangiliwa zaidi.

Makaburi nayo yamebadilika sura. Yale ya kituoni Rungwe yangali ya zamani, wamisionari na wazee wa kwanza wakiwa wamelala udongo mmoja. Nyumbani, penye mtoto aliyefanikiwa Dar es Salaam, kaburi la baba sasa hufunikwa kwa vigae na pengine kuezekwa bati. Pasaka inapokaribia mabasi ya kwenda Tukuyu hujaa. Wajukuu wanaoshuka wengi hawajui Kinyakyusa zaidi ya salamu. Alfajiri huamshwa, huvalishwa sweta, na badala ya chemli hushika simu iliyowashwa tochi. Makaburini bibi zao huanza utenzi wa zamani bila kitabu, na watoto husikiliza, wakiitikia neno moja wanalolijua: Kyala. Baadaye familia hurudi kupalilia kaburi la nyumbani, na chai inakuwa tayari.