Sufuria ya Mama na Mkia wa Farasi

Ndugu zangu na wanangu, leo nawaandikia habari ya gugu, kwa kuwa nina deni.

Nyuma ya nyumba yetu ya kwanza hapa Uingereza palikuwa na bustani ndogo. Kila Aprili yalichipuka humo mabua ya hudhurungi, hayana jani wala ua. Hayo humwaga vumbi laini la spora, lililo badala ya mbegu, kisha hunyauka. Hufuata mabua ya kijani, yenye pingili kama mwanzi na vijitawi vyembamba vilivyozunguka kila pingili. Waingereza huliita mkia wa farasi. Na katika Kiarabu nilichofunzwa udogoni jina ni hilo hilo, dhanabu'l-khayl. Mashina yake ya chini ya ardhi huweza kushuka hata mita 2, kwa hiyo uking'oa leo, kesho limerudi.

Nilikuwa karani kijana, na kila jioni nikipigana nalo. Siku moja nikamkuta marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, amechuchumaa uani, anasugua sufuria ya pilau kwa konzi ya gugu lile. Unguja alizoea kumbi la nazi na mchanga. Huku alivikosa vyote viwili.

"Mwanangu," akaniambia kwa furaha, "hili lina mchanga ndani yake."

Nikamkaripia. Nikamwambia majirani watatuona washamba, nikamtia mkononi brashi ya waya niliyoinunua dukani. Mama hakujibu. Tangu siku ile hakusugua tena chombo uani.

Miaka mingi baada ya kumzika, nilipostaafu, ndipo niliposoma kwamba mabua hayo yana silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga. Na Ulaya ya zamani watu walisugulia vyombo na kulainishia mbao kwa mimea ya jamii hii. Mama, asiyejua kusoma Kiingereza, alilitambua kwa vidole vyake jambo walilolijua bibi za majirani niliowaogopa.

Sufuria ile ninayo. Mwaka huu nimeacha pembe moja ya bustani bila kung'oa, nangojea mabua ya kijani yakomae. Wajukuu wakinikuta nimechuchumaa uani, naomba wasinikaripie. Na wakinikaripia, nitakuwa nimestahili.