Mto Ulifika, Umeme Ukabaki Mlimani

Maji ya mto Mubuku huanza juu kwenye barafu na majani ya Rwenzori, huteremka Bugoye, hukata uwanda wa Kasese na kuishia Ziwa George. Mimi nimekulia Hamukungu, kijiji cha wavuvi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kwa hiyo maji hayo niliyaoga kabla sijajua yalitoka kufanya kazi gani. Tangu miaka ya 1950 mto huo ulikuwa ukizungusha mitambo ya megawati 5 kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Shaba ilipakiwa kwenye treni pale Kasese. Maji yakimaliza, yalitufikia sisi ziwani, nasi usiku tuliwasha tadooba.

Anayeijua tadooba haulizi. Ni kikopo cha bati, utambi wa kitambaa na mafuta ya taa ya kupima kwa kizibo. Asubuhi ukipenga kamasi, inatoka nyeusi. Mwanga wake ulitosha kutoa mwiba kwenye samaki na kuhesabu pesa, lakini haukuvuka kizingiti cha mlango, na nje ya kizingiti kulikuwa na viboko. Walipanda kutoka ziwani baada ya jua kuzama, wakala majani katikati ya nyumba kana kwamba kijiji ni chao, na kwa kweli walitutangulia pale. Sisi watoto hatukwenda chooni bila mtu mzima. Mjomba alikuwa na tochi ya betri tatu, na kabla ya kutoka alisimama mlangoni akimulika kushoto na kulia, kisha akasema, "Haya wanangu, upesi." Ndiyo maana mpaka leo nikisikia watu wakizungumzia umeme vijijini kwa hesabu ya viwanda na mapato peke yake, nafikiri kwanza juu ya njia ya chooni.

Biashara, kwa upande wake, ilikuwa imejipanga vizuri bila umeme. Samaki aina ya ngege waliuzwa asubuhi ileile. Waliobaki, pamoja na mamba, yule samaki mrefu wa matopeni, walipasuliwa, wakabanikwa kwa moshi au wakapakwa chumvi ya Katwe. Wa chumvi ndio wanunuzi kutoka Kongo waliowaita makayabu, na walivuka mpaka Mpondwe kwa magunia. Giza halikumwozeshea mama samaki hata mmoja. Jambo hili nililiona kuwa la kawaida, na sikulitafakari mpaka tulipohamia mji wa Bwera, karibu na mpaka huo.

Bwera palikuwa na nguzo. Palikuwa na redio zinazoimba mchana kutwa, vinyozi wenye mashine na mafundi wa kuchomelea mageti. Mama alikaa muda mrefu akitazama jinsi wenzake wanavyouza, kisha akanunua friza iliyotumika. Hapo maisha yetu yaligeuka. Ngege mbichi mwenye barafu alipata bei ambayo samaki wa moshi hakuwahi kuifikia, na wenye hoteli walianza kumfuata mama nyumbani badala ya yeye kuwafuata. Karo za wadogo zangu zilitoka ndani ya friza ile. Moshi na chumvi tukaviacha, kwa kuwa kubanika ni kazi ya kuni nyingi na macho mekundu, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuirudia.

Kwa hiyo umeme ulipoanza kukatika, ulitukuta tumeshautegemea.

Katika miaka ya 2005 na 2006 sababu ilitangazwa wazi. Kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimeshuka, mabwawa ya Jinja yakakosa maji ya kutosha, na nchi nzima ikaingia kwenye mgao. Tulijua tunagawana uhaba na Kampala, na mtu huvumilia jambo analoligawana na wengine. Kisha mitambo ikaongezeka. Mwaka 2009 kituo cha Bugoye kilianza kutoa megawati 13 kwenye Mubuku wetu uleule. Bujagali ikakamilika 2012 na megawati 250, Nyamwamba ikafuata 2018, na mwaka 2024 ikazinduliwa Karuma yenye megawati 600. Leo Uganda ina uwezo wa kuzalisha umeme mwingi kuliko inaoutumia. Bado Bwera huzimika.

Nilihitaji fundi mmoja mwenye subira kunielewesha. Alinichorea mstari mchangani, Kasese upande mmoja na Bwera upande wa pili, zaidi ya kilomita 50 kwa barabara, na katikati Kikorongo, Kinyamaseke na Kisinga. Umeme, alisema, unaingia kwa mlango mmoja tu. Tawi la mkalitusi likiangukia waya mahali popote njiani, radi ikipiga, au nguzo ikioza shina kwa mchwa, wote walio mbele ya pale wanakaa gizani mpaka mtu apatikane, apate gari, na atembee na laini akitafuta ulipokatikia. Mjini laini huweza kulishwa kutoka upande mwingine wakati wa matengenezo. Sisi tulio mwisho wa waya hatuna upande mwingine. Mbele yetu kuna mpaka. Mvua kubwa za mlimani nazo zina historia yake huku. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa bonde la Kilembe, na Mei 2020 ukarudia.

Halafu kuna umeme uliopo lakini hauna nguvu. Jioni kila nyumba ikiwasha, balbu hubaki na wekundu, na friza hunguruma bila kugandisha, huku kompresa ikipata moto. Friza ya pili ya mama iliungua hivyo. Hali hiyo haimo kwenye hesabu ya kukatika kwa sababu mita inaonyesha umeme upo, na hilo linaniuma kuliko giza lenyewe.

Nikienda Hamukungu siku hizi, naona vipande vya sola juu ya mabati. Ni vidogo, vya taa mbili tatu na kuchaji simu. Lakini taa moja hufungwa nje, juu ya mlango, na mwanga unavuka kizingiti. Mtoto wa binamu yangu huiwasha, anatazama kama kiboko yupo, anakwenda na kurudi. Sola hiyo haiwezi kugandisha barafu, na wavuvi wanahitaji barafu sana, kwa hiyo simwungi mkono mtu anayesema vijiji kama vile viachiwe sola vitosheke.

Ripoti za serikali zinahesabu nguzo na vijiji vilivyounganishwa. Ningependa zihesabu saa: mwezi huu Bwera ilipata umeme saa ngapi, na ulikuwa na nguvu kiasi gani saa 2 usiku. Daftari la namna hiyo lingeweza kushikwa na mwenyekiti wa kijiji kwa kalamu. Dada yangu tayari analo. Ameurithi mtaji wa mama, na kwenye daftari la wadeni huandika pembeni kila kukatika na kila kurudi. Mawingu yakitanda Rwenzori hupiga simu ziwani kupunguza oda ya ngege, na tangu mwaka jana amejenga tena banda la kubanikia samaki nyuma ya nyumba. Kuni za mzigo wa kwanza alizinunua kwa pesa alizokuwa ameweka kwa ajili ya friza ya tatu.